Kikombe Kisichoandikwa Jina

Kikombe cha mguu wa Mama Mdogo nilikiyeyusha mimi, Jumanne moja ya mwezi wa sita mwaka jana, kwa siki ya moto, uani mwa karakana ya Baba Mdogo Haidari hapa Kasulu. Sikujua kuwa ni chake. Ningejua kama ningeuliza, na nafasi ya kuuliza nilikuwa nayo. Nalitanguliza hili nisije nikajificha nyuma ya mengine, maana ninachotaka kusimulia ni maisha ya Baba Mdogo, na maisha hayo siwezi kuyasimulia nikairuka siku ile.

Baba Mdogo ni fundi wa miguu bandia. Hakuanza hivyo. Babu yetu alihamia Kasulu kutoka Ujiji na mzigo wa chumvi na vitenge, akafungua duka karibu na msikiti, akataka wanawe wote wawili wakae nyuma ya meza. Baba yangu alikaa. Haidari alishindwa, alikuwa akipima sukari huku macho yako barabarani, kwenye bampa zilizopasuka za magari ya mizigo. Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda Mwanza kujifunza kazi ya faiba: kuziba bampa, kutengeneza matangi, kutandaza kitambaa cha nyuzi za kioo na kukinywesha gundi mpaka kikauke na kuwa kigumu kama mfupa. Aliporudi, kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa watu wa Burundi na wa Kongo, na wengi walikuwa wamevuka mpaka wakiwa wamepoteza miguu. Shirika moja la kigeni lilikuwa likitafuta mtu yeyote aliyejua kushika faiba. Walimpeleka Moshi kwa miezi tisa, akarudi fundi mwingine. Shirika lile lilipofunga mradi na kuondoka, lilimwachia pampu ya kufyonza hewa, jiliwa la kubania vyuma na tanuri dogo. Akapanga chumba nyuma ya soko, akaendelea.

Wateja wa vijijini huwafuata kwa pikipiki. Hutoka Kasulu hadi Kibondo, na Kibondo hadi Busunzu, mguu mmoja au miwili ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma yake, nyayo zimeangalia juu. Watoto wa Busunzu wanamwita Mzee Miguu, naye akiwapita huwapigia honi.

Mguu wa namna hii una sehemu tatu: unyayo, bomba na kikombe. Unyayo na bomba huja vikiwa tayari, na vinaweza kupita kwa watu hata watatu. Kazi ya fundi ni kikombe. Ndimo kinamoingia kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, na hakuna vigutu viwili vinavyofanana duniani. Baba Mdogo huzungusha bendeji ya plasta kwenye kigutu, huivua ikikauka, kisha humimina plasta ndani yake apate mfano wa kigutu kile. Mfano huo huuvika soksi ya nyuzi za kaboni, huufunika kwa mfuko wa nailoni, halafu humimina gundi huku pampu ikifyonza hewa, nyuzi zinywe gundi zote sawasawa. Kesho yake huvunja plasta kwa tindo na kuitoa vipande vipande. Plasta haibaki. Kinachobaki ni kikombe, na ndani yake umbo la mwili wa mtu, mpaka kovu lake.

Kisha hufanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Hufumba macho, huingiza mkono ndani ya kikombe hadi kwenye kiwiko, na huuzungusha taratibu akitafuta mahali patakapomuumiza mwenyewe. Akiridhika, huchukua kalamu ya wino mzito na kuandika jina la mtu humo ndani, karibu na ukingo.

Vikombe huzeeka, na watu hunenepa, hukonda, au hukua. Cha zamani kikirudi, hukitundika ukutani kwa msumari, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kukipeleka. Gundi ya kawaida ya kazi hii ikishakauka haiyeyuki tena, si kwa maji wala kwa petroli. Aliwahi kujaribu kuchoma vitatu, ukatoka moshi mweusi mzito, na Khatibu, mwenye duka la jirani, akaja ameshika kanzu yake inayonuka, akamuuliza kama siku hizi anachoma wateja. Ukikizika, jembe litakikuta vilevile baada ya miaka mia. Kwa hiyo ukuta ulijaa. Nilipokuwa sekondari nilivihesabu, vikawa mia moja arobaini na viwili, na karibu kila kimoja alikuwa na habari zake. Nduwayezu alirudi Burundi na mguu mpya, akaacha cha zamani kama mtu anayeacha ufunguo wa nyumba ya kupanga. Dadi wa Busunzu alitaka mguu wake uongezwe urefu wa vidole viwili kwa sababu mchumba wake alikuwa mrefu. Baba Mdogo akamjibu kwamba anaweza, ila itabidi amlete na ule mzima urefushwe.

Akishacheka, alikuwa akigeuka kuutazama ukuta ule. Siku moja aliniambia kwamba kazi yake ni kuwainua watu, lakini nyuma yake anaacha takataka ambayo wajukuu wa wajukuu watajikwaa nayo. Neno hilo nilikwenda nalo Dar es Salaam kusoma kemia.

Mwaka wa mwisho, mwalimu mmoja alikuwa na utafiti wa epoksi ya namna nyingine. Epoksi ni gundi ya pande mbili, gundi yenyewe na kigumishi chake. Ukizichanganya zinashikana na hazifunguki tena. Kigumishi cha mwalimu huyo kilikuwa na viungo ambavyo siki kali ya moto huvikata. Kitu kilichotengenezwa nacho ukikichemsha ndani ya siki, kwa saa chache gundi hujiachia na nyuzi zikabaki safi, tayari kutumika tena. Ile siki nayo ukiitia kostiki, hii ya watengeneza sabuni ya mawese, gundi huganda upya, nyeupe kama ugali wa muhogo, na hiyo huyeyuka kwa moto ukaifinyanga kuwa kitu kingine. Miaka mitatu sikuwahi kunyoosha mkono darasani. Siku ile nilimfuata mwalimu ofisini, nikamwomba lita nne.

Nilizituma Kasulu kwa basi, pamoja na barua ya kurasa tatu. Baba Mdogo alitengeneza kipande cha majaribio, akakikatakata, akakichemsha kama nilivyomwandikia. Jioni alinipigia. Nilisikia pampu ikinguruma nyuma yake, naye hakusalimia.

"Yasmini," alisema, "limeachia lote."

Alitengeneza vikombe sita kwa gundi ile, kila kimoja akakipaka nukta nyekundu kwa nje, ili siku kitakaporudi ajue kuwa hiki kinaweza kuondoka. Nilipomuuliza ni vya akina nani alinitajia watu watano, mmoja wao Therese, mtoto wa kambi ya Nyarugusu. Cha sita, alisema, kipo hapa hapa. Nikadhani amekiweka kiwe cha mfano, cha kuonyesha wageni.

Hakikuwa cha mfano. Mwaka huohuo Mama Mdogo Zaitun, mke wa Baba Mdogo, alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Alikuwa mwanamke mcheshi. Alisema wake wa mafundi cherehani huvaa magauni yaliyochanika, lakini yeye fundi wake kamshonea. Mguu wake sikuwahi kuuona, kwa kuwa alivaa magauni ya kugusa chini na hakupenda kutazamwa. Niliusikia tu nilipokuja likizo, hatua moja laini na moja ngumu kwenye sakafu ya jikoni. Alitembea nao karibu miaka miwili, kisha figo zikamshinda. Kabla ya kufa aliagiza unyayo na bomba apewe mama mmoja wa Kitanga, Mpawenimana, aliyekuwa akingoja. Habari za kikombe hakuna aliyeziuliza. Mimi nilidhani kilizikwa, au kwamba kilikuwa cha gundi ya zamani na kipo mahali fulani. Kwa kweli sikudhani chochote.

Baba Mdogo alikuwa amekitundika mwisho wa mstari wa chini, pembeni mwa dirisha. Hakuandika jina. Baba Mdogo ni mtu wa zamani katika jambo hili: jina la mkewe halitamki mbele za watu. Alikuwa akisema Mama Hashimu, kwa jina la mtoto wao aliye Mwanza, au alisema tu nyumbani. Nyumbani wameniambia niwahi. Nyumbani hawajisikii vizuri. Wanaume wa rika lake katika mji huu wengi wako hivyo, na sisi watoto tulikua tukiona ni heshima, wala hatukulifikiria zaidi. Karakana inaingiwa na kila mtu, na wateja wakisubiri hupitisha muda kwa kuviinua vikombe na kusoma majina. Asingeweza kulitundika jina la mkewe hapo, lisomwe na wapita njia.

Sasa nifike kwenye Jumatatu iliyotangulia siku ile. Nilikuwa nimeanza kufundisha sekondari hapa Kasulu, shule zimefungwa, na nilikuwa nikishinda karakanani kumsaidia. Asubuhi walifika Therese na bibi yake, Deborah, kutoka Nyarugusu. Therese alikuwa na miaka kumi na miwili. Aling'atwa na nyoka akiokota kuni alipokuwa na miaka minane, na kikombe chake kile chenye nukta nyekundu alikivaa mpaka kikamtoa malengelenge. Alikuja kwa magongo, kikombe kikiwa ndani ya mfuko wa unga. Deborah alikaa kwenye benchi, akafungua kanga, akatoa karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini.

"Papa Haidari, mutoto anakomaa mbio sana," alisema. "Mbona mguu yake haikomae pamoja naye? Ulitupatia mguu muvivu."

Baba Mdogo alicheka, akasema atauchapa. Lakini karatasi ilikuwa ya siku tatu. Ingeisha Jumatano jioni, na ya kwanza waliisubiri miezi mitano. Alimfunga Therese bendeji ya plasta palepale. Tatizo lilikuwa soksi ya kaboni. Bunda la mwisho lilikuwa limeisha na jipya lilikuwa limekwama bandarini tangu Aprili. Naye ilimbidi aende Busunzu, kwa kuwa mguu wa Dadi ulivunjika unyayo na mtu alikuwa amelala ndani siku nne na maharage yake yako shambani. Wakati anafunga mizigo kwenye pikipiki aliniambia niyeyushe kikombe cha Therese mwenyewe, nyuzi zake zitumike tena.

"Zisipotosha," alisema, "nisubiri."

Hazikutosha. Nilikichemsha kikombe jioni ileile, nyuzi zikatoka safi, na nilipoivika soksi ile kwenye mfano wa plasta ilifika katikati ikakoma, kama gauni la mwaka jana. Jumanne asubuhi nilisimama mbele ya ukuta nikitafuta nukta nyekundu. Wengine wanne walikuwa bado wanatembea na vyao. Ilibaki moja, mwisho wa mstari wa chini.

Nilikishusha, nikaangalia ndani. Hakikuwa na jina. Niliona kwamba kwa ndani kimelainika kuliko vingine, kinang'aa, hasa upande mmoja chini ya ukingo. Nikasema moyoni kwamba amekisugua ili wageni wavutiwe. Nakumbuka niliingiza vidole nikapagusa pale palipong'aa. Palikuwa na kibonyeo kidogo, na kidole gumba kiliingia humo sawasawa.

Nilimpigia mara moja. Simu haikupatikana, jambo la kawaida mtu akiwa njia ya Busunzu. Ningeweza kupiga tena saa nne, au saa sita, au kumpigia mtu wa Kibondo amtafute. Sikupiga. Mimi ni mtu ambaye simu isipopokelewa hupata nafuu. Huo ndio ukweli. Nikajiambia kwamba gundi inahitaji kulala usiku mzima, kwamba akirudi Jumatano mchana tutakuwa tumechelewa, kwamba kambini wataandikiwa kuja tena mwezi gani hakuna ajuaye. Hesabu yote hiyo ilikuwa sahihi. Chini yake palikuwa na kitu kingine: nilitaka arudi akute kazi imekwisha, aone kwamba ile barua ya kurasa tatu haikuwa maneno.

Siki kali nilikuwa nayo, nikaenda kwa Khatibu kununua ya kuizimulia. Aliniuliza kama ninaloweka nyama ya ng'ombe mzima. Niliwasha jiko la mkaa uani, nikatumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, nikakiweka kikombe kichwachini. Therese alikaa mbali kidogo amejifunika pua, akiuliza maswali: je, kinauma, je, mguu wake huu mpya nao utachemshwa. Kwa saa ya kwanza hakuna kilichotokea. Saa ya pili ukingo ulianza kulegea kama ngozi iliyolowa. Siki ikageuka rangi ya chai. Saa ya tatu nilishika kwa koleo na kuvuta, na soksi ya kaboni ikaja nzima, nyeusi, laini, inachuruzika, haina umbo lolote.

Nilifurahi. Lazima niliseme hilo pia. Niliiosha mara tano, nikaianika, nikaivika juu ya ile ya Therese, ikafunika plasta yote na kubaki. Nikamimina gundi, pampu ikafyonza, na kabla ya magharibi kikombe kilikuwa kimeanza kushika. Ile siki niliitia kostiki, gundi ikaganda, nikaichuja kwa kitambaa na kuiweka kwenye sahani dirishani.

Baba Mdogo aliwahi kuliko nilivyotegemea. Ilikuwa Jumatano, kama saa nne asubuhi, niliposikia pikipiki. Deborah alimpokea kwa maneno mengi, kwamba mademoiselle huyu ni mchawi mzuri, kwamba amepika mguu kama nyama. Alitabasamu, akaingia ndani akivua kofia ya pikipiki. Kikombe kipya kilikuwa juu ya meza, nilikuwa nimeshakipiga msasa. Hakukiangalia. Macho yake yalikwenda kwanza pembeni mwa dirisha, kama mtu anayeangalia saa ya ukutani, na kwa namna yalivyokwenda nikajua kwamba ndivyo yalivyozoea kwenda kila siku.

"Kile cha mwisho kiko wapi?" aliuliza.

Nilimwambia. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, urefu wa soksi, karatasi ya ruhusa, simu isiyopatikana. Alisikiliza yote amesimama. Nilipomaliza alivuta kiti akakaa.

"Hakikuwa na jina, Baba Mdogo," nilisema.

"Hakikuwa nalo." Alikuwa akifuta vumbi la njiani kwenye kofia yake kwa kiganja, taratibu, mahali palepale. "Lile jina ningeliandikaje humu, Yasmini?"

Hapo ndipo nilipojua. Sikulia wakati ule, wala sikuomba msamaha. Nilisimama na mikono yangu inayonuka siki. Nje Deborah alikuwa akimsuka mjukuu wake na kumkemea atulie.

Baba Mdogo alinyoosha mkono akachukua sahani ile ya dirishani. Ile gundi ilikuwa imekauka, tonge jeupe lenye alama za kitambaa. Alilipima mkononi.

"Umbo lake limo humu?"

Ningeweza kusema lolote. Nimesomea jambo hilo, na yeye angeniamini.

"Hapana, Baba Mdogo. Halimo."

"Basi hii ni plastiki tu," alisema, akairudisha sahani mahali pake.

Kisha akavuta kikombe kipya, akafumba macho, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, muda mrefu kuliko kawaida yake, na sikujua anatafuta nini. Mwishowe aliutoa mkono, akasema pale penye mfupa wa muundi nimebana sana, mtoto ataumia. Alipachonga mwenyewe. Alifunga bomba, akafunga unyayo, akamwita Therese. Ilipofika saa nane mtoto alikuwa akienda na kurudi uani kwa Khatibu bila magongo, na Khatibu akimwekea dau la pipi kwamba hatafika kwenye mti wa mparachichi. Alifika. Baba Mdogo alipiga goti mara nne kumkazia skrubu, na kila mara alimuuliza ni wapi panapomgusa vibaya.

Nilitaka kumwambia Deborah mguu ule umetokana na nini. Nilifikiri kwamba angalau hivyo kikombe nilichokiyeyusha kingekuwa na maana. Baba Mdogo aliona nikikusanya maneno, akanivuta kando.

"Asibebeshwe mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Mguu wenyewe unatosha uzito."

Walipokuwa wakiondoka kuwahi gari la kambini, Deborah alimshika mikono yote miwili. Hakuwa amekuja Kasulu miaka mitatu, na hakuna aliyempa habari.

"Na mama wa nyumba umusalimie sana," alisema. "Minamukumbuka. Alinipatia uji ile siku."

"Zimefika," alisema Baba Mdogo.

Habari nyingine nilizipata kwa Khatibu, majuma kadhaa baadaye. Yeye hufungua duka lake mapema kwa ajili ya wanaotoka msikitini. Aliniambia kwamba tangu Mama Hashimu azikwe, Haidari alikuwa akifungua karakana saa moja kabla ya wakati wa kazi, na mara mbili au tatu alimkuta amekaa na kile kikombe mapajani, mkono umo ndani, kama mtu aliyejipumzisha tu. Khatibu alikuwa na dhihaka kwa kila jambo la mtaa huu, lakini kwa hilo hakuwahi kumtania. Nami nikakumbuka ule mng'ao chini ya ukingo, na kibonyeo kile kilichopokea kidole gumba changu. Plasta ya kigutu chake ilivunjwa siku ya kwanza, kama plasta zote. Hapakuwa na mahali pengine duniani palipobaki na umbo hilo.

Baba Mdogo hakunisema, si siku ile wala baadaye. Alipofika baba yangu na kuanza kunikaripia, alimkatiza akauliza bei ya saruji. Ile plastiki aliiyeyusha mwezi uliofuata akaifanya kabari ya kisigino cha Dadi, kwa kuwa hatupi kitu. Lakini gundi yangu haitumii tena kwa kila mtu. Watoto huwatengenezea nayo, maana wanakua. Mtu mzima humuuliza kwanza: unataka kinachobaki, au unataka kinachoondoka? Wateja hucheka, hudhani ni mzaha wa fundi, na wengi husema kinachobaki. Ukuta umeanza kujaa tena. Zamani ningemweleza hasara ya hilo kwa kurasa tatu.

Deborah alituma ujumbe wa sauti wiki iliyopita. Therese amekua tena, kikombe kinamgusa gotini, wanaomba ruhusa ya mwezi wa tisa. Kwa hiyo zile nyuzi zitarudi, zitawekwa kwenye siki kwa mara nyingine, na zitatoka safi kama mwanzo. Hiyo ndiyo sifa ya gundi ile niliyoisifu kwenye barua. Baba Mdogo aliusikiliza ujumbe mara mbili, akasema soksi mpya za kaboni zipo za kutosha, hatuhitaji kukiyeyusha, ila kikombe cha zamani wasiache kukileta. Hakueleza zaidi, nami safari hii pia sikuuliza.

Msumari wa pembeni mwa dirisha uko wazi mpaka leo. Jumamosi nilikuwa nikifuta vumbi ukutani peke yangu, nikakishusha kikombe cha Nduwayezu, kilicho jirani na msumari ule. Nyuma yake, kwenye chokaa, palikuwa na maandishi ya penseli, madogo, ya mkono ninaoujua, mahali ambapo mteja hawezi kuyaona. Zaitun. Hapakuwa na tarehe wala neno jingine. Maandishi yalikuwa yameanza kufifia, na kwa jinsi yalivyopakaa pembeni, mtu amekuwa akiyapitishia kidole.

Sikuyagusa. Nilikifuta kikombe cha Nduwayezu ndani na nje, nikakirudisha mahali pake, kikalifunika lile jina.